Wavu kwenye njia za hewa za gari: tunaoendesha Dodoma, Singida na Manyoni tuuweke wapi, na wa tundu gani?

#1 Mwanzisha uzi, Dodoma mjini

Wakuu, salaam.

Mvua zimekata, mtama na alizeti vimevunwa, upepo umeanza, na gereji nyingi unazopita hapa mjini kuanzia Kizota hadi Nzuguni utakuta gari limevuliwa bampa, fundi anafunga wavu nyuma ya sho, ule uso wa mbele wenye matundu ya kupitisha hewa. Wazo ni zuri na naliunga mkono. Namna linavyotekelezwa ndiyo inayonitia wasiwasi. Wavu unaofungwa mara nyingi ni ule wa mbu, wa madirishani, tena umelazwa ukagusa kabisa kondensa, kile kipozeo cha gesi ya AC kilicho mbele. Baada ya muda mwenye gari analalamika AC haipozi, na geji ya joto inapanda akiwa kwenye Mlima Nyang'oro kuelekea Iringa. Anaambiwa abadilishe thamostati, abadilishe pampu ya maji, na tatizo linabaki palepale.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tujadili vizuri: wavu ni wa kuzuia vitu unavyoweza kuviokota kwa vidole, yaani panzi, majani, makapi, karatasi, kokoto, ndege na panya. Vumbi halimo. Vumbi la huku ni laini mno. Wavu wa kulizuia utazuia na hewa.

Gari lina njia tatu za kuingiza hewa. Kuna hewa ya kupoza, inayopita kwenye sho na bampa kwenda kondensa na rejeta inayopoza maji ya injini. Kuna hewa ya injini yenyewe, inayovutwa na bomba linaloishia kwenye ea klina, yaani boksi lenye chujio la hewa. Na kuna hewa ya abiria, inayoingia chini ya kioo cha mbele, pale kwenye vitundu karibu na waipa. Wavu wa njia moja haufai kuhamishiwa njia nyingine bila kufikiri.

Tuanze na ya kupoza. Huku kwetu uchafu una msimu wake. Mvua za kwanza za Desemba kumbikumbi wanatoka usiku kufuata taa, na mabawa yao yananasa kwenye vibati vyembamba vya kondensa. Panzi wanakuwa wengi majani yakishakua. Ukipita Bahi kwenye mashamba ya mpunga unakutana na makundi ya kweleakwelea. Manyoni hadi Itigi ni nchi ya asali, nyuki wanahama kwa makundi na wanavuka barabara kama viumbe wengine. Kisha mavuno: makapi ya alizeti na uwele yanapeperuka kutoka kwenye malori. Vyote hivi vikichanganyika na vumbi na umande wa alfajiri vinakauka kama tope juu ya kondensa. Wavu wa mbele unasaidia sana hapa, kwa sharti kwamba uwe na tundu kubwa.

Kubwa kiasi gani? Hesabu yake ni nyepesi. Chukua upana wa tundu moja, gawa kwa upana huo ukijumlisha unene wa waya, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Wavu wa tundu la milimita 10 na waya wa milimita 1: 10 gawa kwa 11, mara yenyewe, unapata 0.83. Asilimia 83 ya eneo iko wazi. Wavu wa milimita 6 na waya uleule unabaki asilimia 73. Wavu wa mbu una tundu la milimita 1.2 hivi na uzi wa karibu milimita 0.28, kwa hiyo unabaki kama asilimia 66. Theluthi ya njia imezibwa na hakuna hata panzi mmoja aliyegonga. Na wavu wa mbu ukilowa, maji yanatanda kwenye vitundu na kukaa. Gari likipita kwenye vumbi hapo hapo, umetengeneza ukuta wa udongo.

Kwa sho ya mbele mimi nasema milimita 8 hadi 12, basi. Kumbikumbi wachache watapita, wapite. Wewe unazuia mzigo mkubwa.

Njia ya pili ndiyo inayohitaji akili zaidi. Injini ya 1500 cc ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inaweza kuvuta hadi lita 2,250 za hewa kila dakika, maana kila mizunguko miwili inajaza ujazo wake mara moja. Kuunguza lita moja ya petroli kunataka zaidi ya lita 9,000 za hewa, na hiyo ni hewa ya pwani. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo ujazo unafika kwenye lita 10,000. Injini ya huku tayari inahema kuliko ya Dar. Sasa mtu anachukua bomba la kipenyo cha sentimita 6 analiziba mdomo kwa wavu wa mbu ulionyooka. Amelifanya kuwa bomba la chini kidogo ya sentimita 5.

Dawa ni kuongeza eneo la wavu. Usiufunge bapa kwenye mdomo. Ukunje uwe kama kawa la kufunikia chakula, utokeze mbele. Kofia ya wavu yenye kipenyo cha sentimita 6 na urefu wa sentimita 6 ina eneo mara tano ya mdomo wa bomba. Hapo hata ukitumia tundu la milimita 5 au 6, na hata nusu yake ikizibwa na majani, injini haitajua kama kuna kitu.

Na jambo moja sitaki kulijadili hata kidogo: wavu usiwekwe baada ya chujio, kati ya ea klina na injini. Waya mmoja ukikatika kwa mtikisiko unaishia kwenye silinda, na kwenye gari la tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi) unaanza na pangaboi la tabo. Wavu wote ukae upande mchafu, kabla ya chujio. Kama gari lako lilikuja na kiwavu kidogo kwenye sensa ya hewa, hicho ni cha kiwandani, kiache kilivyo.

Karibuni.

#2 Dereva wa Canter, Kibaigwa

Mkuu umegusa penyewe. Mimi nabeba mahindi na alizeti, na msimu wa soko Kibaigwa hewa yenyewe ni makapi matupu. Ukisimama foleni ya kushusha, feni inavuta makapi kutoka chini na pembeni, wala si mbele tu. Kwa hiyo wenzangu wanaofunga wavu kwenye sho peke yake wanashangaa rejeta imejaa. Angalieni na nafasi ya chini ya bampa na pembeni ya rejeta.

Mimi natumia wavu wa chekeche la mchanga, lile la tundu kubwa. Umekaa kwenye fremu ya bapa nyembamba, unatoka kwa bolti mbili. Kila nikishusha mzigo nauchomoa, naupiga brashi, naurudisha. Dakika tano.

Swali langu: kuna watu wanasema wavu unaongeza ulaji wa mafuta. Ni kweli?

#3 Fundi wa rejeta na AC

Nimesoma vyote, na mengi naafikiana nayo. Niongeze ya upande wangu.

Kwanza, kabla hujafunga wavu, safisha kilichopo. Kati ya kondensa na rejeta kuna nafasi ndogo ambayo huioni ukiinama mbele ya gari. Mbele kondensa inaonekana safi, ukiilegeza na kuisogeza unakuta blanketi la makapi, nywele za mifugo na vumbi limeganda juu ya rejeta. Ukifunga wavu juu ya hali hiyo umefungia uchafu ndani. Kuosha ni kwa mpira wa maji wa kawaida, maji yatoke upande wa injini kwenda mbele, kinyume na upepo ulivyoingiza uchafu. Mashine ya presha inalaza vile vibati, na vikishalala hewa haipiti tena hata kama ni visafi.

Pili, wavu usiguse kondensa. Acha angalau upana wa vidole viwili. Na msifunge kwa waya wa kufungia nondo ulioviringishwa kwenye mabomba ya kondensa. Barabara zetu zina mtikisiko. Waya unasugua alumini kidogo kidogo mpaka inatoboka, gesi inaondoka, na kuziba alumini nyembamba namna ile ni kazi. Wavu ufungwe nyuma ya sho yenyewe, kwa tai nyeusi za plastiki au kwa bolti zilizopo. Kingo zikunjwe ndani ili nyuzi zisichomoke.

Tatu, hapa natofautiana kidogo na mwanzisha uzi. Amezungumzia milima, lakini magari ninayopokea mengi yanachemsha mjini, kwenye foleni ya saa kumi na moja jioni kutoka Mtumba. Gari likikimbia, upepo unasukuma hewa wenyewe na wavu wa wastani hausumbui. Likisimama, feni peke yake ndiyo inavuta, na feni haina nguvu ya kuvuta kupitia wavu mdogo. Feni ikiwa imechoka, wavu utaonekana ndiye mchawi. Kwa hiyo pimeni feni kwanza. Na wekeni kulanti, ile dawa ya kupozea injini, badala ya maji ya bombani. Kwa urefu huu wa Dodoma maji yaliyo wazi yanachemka karibu nyuzi 96, kinachoyazuia ni presha ya mfuniko wa rejeta. Mfuniko ukilegea huna akiba.

Kuhusu mafuta, kaka wa Canter: gari la petroli la mfumo wa kisasa linapima hewa inayoingia na kutoa mafuta kulingana nayo. Hewa ikipungua, nguvu inapungua ukikanyaga sana, lakini ulaji haubadiliki kwa kiasi cha kuuona. Dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida ndizo zinazoumia: pampu inatoa mafuta yaleyale, hewa ni pungufu, unaona moshi mweusi mlimani. Canter yako ikianza kutoa moshi mweusi baada ya kufunga kitu kwenye bomba la hewa, kitoe.

#4 Mkazi wa Kisasa, mwenye Vitz

Habari kaka zangu. Sijui mambo ya milimita ila nina shida mbili zinazofanana na mada.

Gari nalilaza chini ya mwarobaini, ndicho kivuli nilicho nacho. Mvua zilizopita sakafu ya abiria wa mbele ilikuwa inalowa wakati vioo vimefungwa. Fundi akasema ni majani. Ya pili, tangu watu wavune panya wameingia mjini, na kwenye boksi la ea klina kulikutwa vipande vya godoro na maganda ya karanga. Nifunge wavu wapi?

#5 Mwanzisha uzi

Dada, karibu sana, na shida zako ndizo zinazokamilisha uzi huu kwa sababu njia ya tatu nilikuwa bado sijaifikia.

Majani ya mwarobaini ni membamba, yanapita kwenye vitundu vya chini ya kioo bila kipingamizi. Ndani yake kuna handaki linalokusanya maji ya mvua na kuyatoa pembeni kupitia mashimo mawili, karibu na fenda. Majani yakioza pale yanaziba mashimo, maji yanapanda mpaka kwenye mdomo wa feni ya ndani, yanashukia miguuni kwa abiria. Kwa hiyo kwanza fundi atoe waipa na lile pambo la plastiki, achote uozo wote, amwagie maji aone yanatoka chini kwa kasi. Kisha wavu: hapa tundu la milimita 3 hadi 5 linaruhusiwa, kwa sababu eneo ni refu kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine na feni ya ndani haihitaji hewa nyingi kama injini. Ufungwe chini ya lile pambo, usilazwe juu ambako majani yatakaa. Kama wenzetu wanalaza gari chini ya mgunga, niseme ukweli: vijani vya mgunga ni vidogo mno, hakuna wavu wa maana utakaovizuia. Fagia kila wiki.

Ukiwa hapo, angalia chujio la AC. Kwenye Vitz na gari nyingi ndogo za Toyota liko nyuma ya droo ya dashibodi, unalichomoa kwa mkono.

Panya sasa. Panya mdogo wa nyumbani anapenya tundu lililozidi kidogo milimita 6. Kwa hiyo kwenye mdomo wa bomba la ea klina tumia wavu wa chuma wa milimita 6 au chini yake, kwa umbo lile la kawa nililoeleza. Plastiki ataitafuna usiku mmoja. Kwenye gari nyingi za namna ya Vitz na IST mdomo wa bomba uko juu ya rejeta ukifungua boneti, unafikika bila kuvua bampa. Wavu wa mabati unaofumwa kwa matundu ya mraba unauzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kipande cha ukubwa wa daftari kinatosha. Kifunge kwa klemu ya bomba nje ya mdomo, kisisukumwe ndani.

Na chujio lililokaliwa na panya usilipulize na kulirudisha. Mkojo wake unaharibu karatasi, harufu inabaki. Weka jipya.

#6 Dereva mstaafu

Vijana, nimewasoma. Sisi tuliendesha Land Rover za zamani kutoka hapa hadi Kondoa na Babati kabla ya lami, vumbi mbele huoni gari la mwenzako, na hatukujua wavu. Zile gari zilikuwa na ea klina ya bakuli la oili. Hewa inapita juu ya oili, vumbi linanasa, jioni unamwaga tope na kuweka oili nyingine. Injini iliishi kwa sababu ya kazi hiyo ya kila jioni. Leo nawaona mnafunga wavu mzuri, halafu chujio la ndani halijafunguliwa tangu gari litoke bandarini.

#7 Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Nashukuru umeliweka wazi, maana hapo ndipo injini inapookolewa au kupotea.

Wavu haulindi silinda dhidi ya mchanga. Chujio ndilo linalolinda, na mpira wa pembeni yake. Ukitaka kujua kama lako linafanya kazi, fungua boksi, chukua kitambaa cheupe, futa upande wa ndani wa bomba linalokwenda injini. Kitambaa kikitoka na rangi ya udongo, kuna mahali vumbi linapita: mpira haukukaa, klipu moja ya boksi imevunjika, au bomba limepasuka kwenye mikunjo yake. Funga hapo kwanza.

Kupuliza kwa kompresa kunafanywa vibaya sana. Upepo mkali ukiusogeza karibu unatoboa karatasi matundu usiyoyaona. Kama ni lazima, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa mbali, kwa presha ndogo. Kuligonga chini chujio kunapinda fremu na mpira haukai tena. Wala msilifungue kila siku. Chujio lenye vumbi kidogo linachuja vizuri kuliko jipya, na kila ukifungua boksi unaruhusu chembe kuangukia upande safi. Fuso na Land Cruiser nyingi zina kiashiria kidogo kinachogeuka chekundu chujio likiziba. Wenye nacho wakiamini.

Wanaoingia vijijini mfululizo, kwa mfano Chamwino ndani, Mpwapwa au pori la Itigi, kinachosaidia dhidi ya vumbi ni ile kofia ya kuzungusha hewa inayowekwa juu ya snokeli, bomba la hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa. Hewa inazunguka, chembe nzito zinatupwa pembeni kwenye bakuli kabla ya kufika kwenye chujio.

#8 Mwenye Harrier, Area D

Wakuu, gari langu ni la miaka ya karibuni, lina ule mfumo wa kufunga breki lenyewe likiona kitu mbele. Fundi mmoja anataka kunifungia wavu wa chuma mbele ya sho yote, anasema unapendeza. Nikubali?

#9 Fundi wa rejeta na AC

Usikubali. Kwenye magari mengi ya aina hiyo rada imekaa nyuma ya nembo, katikati ya sho. Chuma mbele yake kinarudisha mawimbi, na taa za onyo zitawaka kwenye dashibodi, au mfumo utasoma vibaya, jambo ambalo ni hatari zaidi. Wavu ukae nyuma ya sho, ukatwe kuzunguka rada yote na nafasi ya kutosha kila upande. Kuna pia sensa ndogo ya joto la nje mbele ya kondensa, usiizibe.

Ukishafunga, pima. Usitegemee geji ya dashibodi, kwa magari ya sasa sindano inakaa katikati hata joto likipanda kiasi. Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kinakuonyesha nyuzi halisi. Injini nyingi zinafanya kazi kati ya 85 na 95 hivi. Pita kilima kilekile, saa ileile ya mchana, AC ikiwa imewashwa, bila wavu na ukiwa na wavu. Tofauti ya nyuzi moja mbili ni ya kawaida. Ikizidi tano, tundu ni dogo au umeziba sana, badilisha.

#10 Mwenye Forester ya tabo

Na sisi wenye lile tundu juu ya boneti? Majani yananasa juu ya intakula, kile kipozeo cha hewa ya tabo.

#11 Mwanzisha uzi

Mkuu, weka wavu wa milimita 8 hadi 10 kwenye mdomo wa tundu la boneti, ulazwe kwa mteremko ili majani yateleze kwenda juu ya kioo gari likikimbia. Usiulaze juu ya intakula yenyewe. Ufunge kwa bolti zilizoshika tundu hilo upande wa chini wa boneti, uweke nailoni au mpira mwembamba chini ya kila bolti usikwangue rangi. Ukimaliza, funga boneti taratibu mara ya kwanza uone kama wavu haugusi mpira wa intakula.

Mwenye picha za kazi yake aziweke hapa, hasa za Noah na Coaster, tuone mdomo wa bomba lake unakaaje.